Windows 10 imeisha, laptopu yako ya ex-UK bado: fanya haya kabla ya kununua ingine

Tangu Oktoba 2025 swali ni lile lile, linakuja kwa simu, linakuja kwa WhatsApp, linakuja na mtu amebeba mashine kwa mfuko wa supamaketi: fundi, hii kitu inaniambia Windows yangu imefika mwisho, sasa ninunue ingine? Mara nyingi jibu ni hapana, weka pesa mfukoni kwanza. Lakini pia usifunge lile dirisha la onyo ukaendelea na maisha kama hakuna kitu, kwa sababu kuna kitu.

Kilichofanyika ni hivi. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuipa apdeti za bure za usalama. Mashine haizimiki, kesho itawaka kama kawaida, Word itafunguka, eCitizen itafunguka, na hapo ndipo watu wanasema ah, hawa walikuwa wanatutisha tu. Shida haionekani kwa macho. Kila mwezi kunapatikana mashimo mapya kwa Windows, na ya kwako sasa yakipatikana hakuna mtu anayaziba. Kama unakumbuka Mei 2017, ile WannaCry iliyofunga mafaili ya watu ikidai pesa, mpaka hospitali za Uingereza zikaanza kuahirisha wagonjwa, dawa yake ilikuwa imetoka Machi mwaka huo huo, miezi miwili kabla. Waliolia ni wale hawakuwa wameiweka. Sasa wewe uko mahali ambapo dawa yenyewe haitumwi.

Na kuna la pili linalokuja polepole. Windows 7 iliachwa Januari 2020, lakini Chrome iliendelea kuisaidia mpaka mwanzo wa 2023, toleo la 109 likawa la mwisho, halafu tovuti moja moja zikaanza kukataa. Windows 10 nayo itapita njia hiyo hiyo, si leo, si kesho, lakini itapita.

Jua kwanza uko na nini

Usimuulize aliyekuuzia, na usisome kibandiko cha mbele, vibandiko vinabanduliwa na kubandikwa vingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, ingiza. Inakuonyesha toleo. Kama ni Windows 10 na imeandikwa 22H2, poa, hiyo ndiyo ya mwisho. Kama imeandikwa 21H2 au chini ya hapo, kwanza fanya apdeti ufike 22H2, bila hiyo hata ile njia ya bure nitakayoeleza hapa chini haitakubali.

Halafu rudia Windows na R, andika msinfo32. Tafuta mstari wa Processor. Hapa ndipo hatima yako imeandikwa. Ukiona i5-6300U, ile tarakimu ya kwanza baada ya alama ya katikati, hiyo 6, ndiyo kizazi. i5-7300U ni kizazi cha 7. i5-8350U ni cha 8. Zile zenye tarakimu mbili mbele kama i5-1135G7 ni kizazi cha 11, hizo hazina wasiwasi. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na kwa upande wa AMD kwa jumla ni Ryzen za mfululizo wa 2000 na zilizofuata. Inataka pia RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), na kitu kinaitwa TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya mashine.

Sasa ona vile sisi watu wa Nairobi tulivyopatikana. Ofisi za Uingereza zikibadilisha mashine, zile za zamani ndizo zinafika Luthuli, Moi Avenue na Tom Mboya kama ex-UK, na ni mashine nzuri kusema ukweli, mwili wa chuma, kibodi haichoki. Lakini zile ambazo mwanafunzi au mtu wa saibaa anaweza kulipia ni za kizazi cha 6 na cha 7, yaani zimesimama inchi moja kabla ya mlango. EliteBook 840 G3 ni cha 6, G4 ni cha 7. G5 nyingi ni cha 8, ThinkPad T480 nyingi ni cha 8, lakini zote mbili kuna zingine zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hivyo hata jina la modeli lisikudanganye, msinfo32 ndiyo inasema ukweli. Mtu analipa pesa ya T480 anabeba T480 kweli, halafu akifika Rongai anagundua ndani ni i5-7300U, na muuzaji hajadanganya hata neno moja.

TPM nayo unaiangalia kwa kuandika tpm.msc pale pale kwa Windows na R. Ikisema haioni TPM usikate tamaa, mara nyingi iko, imezimwa tu kwa BIOS, yale mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. HP ukiwasha unabonyeza F10 mara kadhaa, Dell F2, ThinkPad F1, unaingia sehemu ya usalama unaiwasha. LAKINI. Kabla hujagusa chochote kwa BIOS soma aya inayofuata, nakuomba.

Ile funguo ya tarakimu 48

Laptopu nyingi za siku hizi diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, bila mwenyewe kujua, hasa kama uliingia na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiseti. Ukibadilisha mambo ya TPM, au Secure Boot, au ukiapdeti BIOS, mashine inaweza kuwaka na skrini ya bluu inayokuuliza funguo ya kufungulia yenye tarakimu 48. Kama huna hiyo funguo hakuna fundi wa Luthuli wala wa Marekani atakufungulia, na yule anakwambia atafungua ni mwizi. Mafaili yameenda. Kwa hivyo fungua brauza, nenda aka.ms/myrecoverykey, ingia na ile akaunti yako ya Microsoft, na uone kama kuna funguo imehifadhiwa pale. Iandike kwa karatasi. Si kwa noti ndani ya laptopu hiyo hiyo, tumeona hiyo pia.

Kama mashine ni ya kazi, funguo huenda iko na mtu wa IT wa ofisi. Na kama aliyekusetia alitumia imeili yake yeye, mtafute leo akiwa bado anashika simu.

Bakapu, na fleshi za barabarani

Usiapdeti Windows bila bakapu, hata kama umeshafanya mara nyingi na haijawahi kuharibika. Kanuni tunayotumia na wateja ni nakala tatu, kwa vitu viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumba au ofisi. Kwa mtu wa kawaida hiyo inamaanisha: ile iliyo kwa laptopu, ingine kwa diski ya nje, ingine kwa Google Drive au OneDrive. Google wanakupa gigabaiti 15 bure, OneDrive 5.

Watu wanakopi Documents wanadhani wamemaliza. Kazi yenyewe iko Desktop na Downloads, tuseme ukweli. Vitu vya KRA, cheti cha PIN, zile fomu za Ekseli ulizojaza Juni, risiti, picha za passport, vyote viko Downloads katikati ya memu. Angalia pia paswadi ulizohifadhi kwa Chrome, hakikisha Chrome imeingia kwa akaunti yako ili zikufuate. Kama unatumia Outlook ya zamani, tafuta faili zinazoishia na .pst, mara nyingi barua zako ziko humo. Kama uko na QuickBooks au Sage, tumia bakapu ya ndani ya programu yenyewe, usikopi tu folda ukidhani itafunguka kwingine.

Kuhusu fleshi. Ile fleshi ya terabaiti 2 unayouziwa kando ya barabara kwa bei ya chipsi na kuku si terabaiti 2. Wanaibadilisha programu ya ndani iseme terabaiti 2, kumbe nafasi ya kweli ni gigabaiti 16 au 32. Na ubaya wake ni kwamba haikatai! Unakopi, inapokea, inakuonyesha majina ya mafaili yote yamepangika vizuri, siku ya kufungua ndiyo unapata kila kitu baada ya zile gigabaiti za kwanza ni takataka. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inajaza fleshi yote halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichorudi. Inachukua muda mrefu, wacha ifanye usiku, na uifanye fleshi ikiwa tupu. Ikifeli irudishe dukani siku hiyo hiyo, kama ni duka lenye mlango.

Sasa njia ziko tatu

Ya kwanza, kama prosesa imekubali: nenda Windows 11, ni bure. Usilipe mtu lesini. Zile ex-UK nyingi lesini yao halali ya Windows Pro imeandikwa kwa bodi yenyewe, ukiapdeti inajitambua. Anayekuambia ongeza elfu mbili ya kuaktiveti anakuuzia kitu uko nacho, au mbaya zaidi anakuwekea moja ya zile programu za kuvunja lesini, ambazo ili zifanye kazi lazima kwanza azime Defender, ile antivirus ya Windows yenyewe, na mara nyingi virusi vimepanda ndani ya hiyo hiyo. Umelipa mtu akufungulie mlango wa nyuma. Wateja wengi wanaokuja kwetu wakisema mashine imekuwa nzito ghafla, ukiangalia orodha ya vitu Defender imeambiwa iruke, unapata folda nzima ya diski C. Hiyo haikujiweka yenyewe.

Daunlodi PC Health Check kutoka Microsoft, iendeshe, ikisema ndiyo basi nenda Settings, Windows Update, uone kama imekuletea. Kama haijaleta kuna Installation Assistant kwa tovuti yao. Hii kitu ni gigabaiti kadhaa, kwa hivyo bando ya siku itaisha ukiangalia. Tumia waifai ya nyumba au ya ofisi, na kama siku za kawaida unatumia hotspot ya simu, ingia kwa hiyo hotspot ndani ya Settings uwashe Metered connection, Windows itaacha kukunywea bando nyuma yako. Fanya ukiwa na chaja kwa ukuta, betri imejaa, na token za stima ziko. Ukiona token zimebaki yuniti mbili ngoja ununue kwanza. Ikimaliza na usipoipenda una siku 10 za kurudi Windows 10 kutoka Recovery, baada ya hapo ile folda ya zamani inafutwa.

Kitu kimoja kinachosumbua watu baada ya kuinstoli upya: unaandika imeili, unabonyeza @ inatoka alama ya kunukuu, unabonyeza alama ya kunukuu inatoka @. Paswadi inakataa, mtu anaanza kulia amehakiwa. Hakuna haka. Laptopu ni ya Uingereza, angalia 3 juu yake kuna alama ya pauni, na Windows imewekwa kibodi ya Marekani. Nenda Settings, Time and language, Language and region, ongeza kibodi ya United Kingdom, toa ile ya US. Imeisha. Kuna watu wanalipa kubadilisha kibodi nzima kwa hii.

Ya pili, kama prosesa imekataa lakini unaitaka Windows 10 yako: kuna ESU, apdeti za usalama za ziada, kwa watu wa nyumbani zinafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kama unasoma hii baada ya hapo ruka hii sehemu. Unaingia Settings, Update and Security, Windows Update, upande wa chini wa kile kitufe cha kuangalia apdeti unaona kiungo cha kujiandikisha. Unahitaji akaunti ya Microsoft yenye haki za msimamizi. Kuna bei ya dola 30, kwa shilingi ni kama elfu nne kasoro, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure kabisa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft. Chukua ya bure. Inaposema bakapu watu wanaogopa OneDrive ya gigabaiti 5 itajaa, lakini unaweza kuzima picha na mafaili ukaacha mipangilio tu. Na ukilipia, lesini moja inabeba mpaka mashine 10 za akaunti hiyo, kwa hivyo mzazi anaweza kufunika laptopu za nyumba nzima.

ESU haikupi kitu kipya, hakuna urembo, hakuna msaada ukipiga simu. Ni viraka tu. Lakini ni viraka vya kweli na kwa mtu wa i5 ya kizazi cha 6 ambaye hana pesa sasa hivi, mimi ningemwambia chukua hii leo halafu uanze kuweka akiba.

Wengi wanauliza, si kuna ujanja wa kuweka Windows 11 kwa mashine ambayo haijakubaliwa? Upo. Programu ya bure inaitwa Rufus inakutengenezea fleshi inayoruka yale masharti, na kwa kizazi cha 6 na 7 mara nyingi inawaka na kukimbia vizuri tu. Lakini Microsoft wenyewe wanasema hawaahidi apdeti kwa mashine kama hizo, na kila toleo kubwa la mwaka itabidi ulisukume kwa mkono. Zile mashine za kale kabisa, kama Core 2 Duo, toleo la 24H2 haliwaki hata kwa ujanja, prosesa yenyewe haina maagizo inayohitaji. Msimamo wetu: laptopu yako ya nyumbani, ukijua unachofanya, sawa, jaribu. Kompyuta ya duka yenye hesabu za watu, ya kliniki, ya sacco, hapana. Hatuweki hata ukiongeza pesa.

Ya tatu ni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na hapa watu wanakunja uso kabla ya kuonja. Linux Mint ya mfululizo wa 22 inasaidiwa mpaka 2029, haina lesini, na kwa mashine ya gigabaiti 4 inakimbia kuliko Windows ilivyowahi kukimbia. Uzuri ni kwamba unaiweka kwa fleshi, unawasha kutoka kwa fleshi, unaitumia bila kugusa diski yako, unaona kama waifai inashika, sauti inatoka, printa inaonekana. Usipoipenda unatoa fleshi unawasha upya, uko pale ulipokuwa. Kwa mtu wa brauza, YouTube, Google Docs na kuandika barua, inatosha na inabaki. Kwa mtu anayetegemea ile fomu ya Ekseli yenye makro, au QuickBooks ya kuinstoli, itamkosesha usingizi kila ikikaribia Juni 30. Huyo asiende Linux, aende ESU.

Kwa nini mashine ni polepole, na pesa iende wapi

Nusu ya watu wanaotaka laptopu mpya hawana shida ya Windows, wako na shida ya diski. Kama mashine yako bado ina ile diski ya kuzunguka, hata uweke Windows gani itachukua dakika kadhaa kuwaka na feni itapiga kelele kama matatu ya kupanda Limuru. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance, angalia Disk. Ikisema HDD na iko asilimia 100 wakati hujafungua kitu, umepata mchawi wako. Weka SSD, diski isiyozunguka. Hakuna pesa utatumia kwa kompyuta itakayokufurahisha kuliko hiyo. Gigabaiti 256 zinatosha watu wengi, na kabla ya kununua fungua mashine au uliza fundi akufungulie mkiwa wote, uone inachukua ile ya SATA ya inchi 2.5 au ile ndogo ya M.2, na kama ni M.2 ni NVMe au SATA, kwa sababu hizo mbili zinafanana lakini hazibadilishani kila mahali.

Ukishaweka au kama tayari uko nayo, daunlodi CrystalDiskInfo. Inakuandikia Good, Caution au Bad kwa rangi. Ikiandika Caution usingoje, fanya bakapu jioni hiyo hiyo. SSD haina tabia ya kulia kwanza kama diski ya zamani, inakufa kimya, leo iko kesho BIOS haiioni.

Baada ya SSD ni RAM. Gigabaiti 4 kwa Windows 11 ni kwenye karatasi tu, brauza yenye tabu kumi inaimaliza. Nenda 8, kama unaweza 16. Bei ya RAM ilipanda sana kuanzia mwisho wa 2025, viwanda vinakimbilia kuuzia vituo vya AI, Micron hata wakatangaza Desemba 2025 kwamba wanafunga biashara yao ya Crucial ya wateja wa kawaida. Kwa hivyo ukiona bei dukani ukadhani unaibiwa, huenda hapana. Uliza RAM ya mtumba iliyotolewa kwa laptopu iliyovunjika, RAM haizeeki vibaya, ijaribiwe tu mbele yako. Hakikisha ni DDR4 kama yako ni DDR4, hazishikani na DDR3.

Betri nayo uiangalie kabla ya kusema imeisha. Tafuta cmd kwa menyu ya Start, ibonyeze upande wa kulia uchague Run as administrator, andika powercfg /batteryreport, itakuonyesha mahali imeweka faili, ifungue kwa brauza. Kuna mistari miwili, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ni vile betri ilizaliwa, ya pili ni vile iko leo. Ikiwa ilizaliwa 51,000 na leo ni 20,000, usiwalaumu Windows. Na ukiona sehemu ya chini ya laptopu imeanza kufura, tachipedi inainuka, zima, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi. Hiyo si ya kungoja mwisho wa mwezi.

Na kitu cha bei ndogo: stima ya huku ikipotea na kurudi inarudi na hasira. Watu wananunulia friji gadi halafu kompyuta ya elfu sabini wanaichomeka kwa ekstensheni ya barabarani. Gadi ya friji lakini inachelewesha dakika kadhaa kuwasha, kwa kompyuta ya mezani tafuta UPS, lile boksi lenye betri, hata ndogo, ikupe muda wa kuseva na kuzima.

Kama lazima ununue

Basi nunua kizazi cha 8 au zaidi, na usitoke dukani kabla hujafanya haya pale kaunta. msinfo32, tpm.msc, ile ripoti ya betri. Ingia BIOS, na ikikuuliza paswadi ambayo muuzaji haijui, rudisha, hiyo mashine ilikuwa ya kampuni na haijafunguliwa. Halafu kubwa zaidi, mwambie aiseti upya mbele yako ikiwa imeshika intaneti, hotspot ya simu yako inatosha. Kama katikati ya kuiseti inakuandikia karibu kwa jina la kampuni fulani ya Uingereza na kukuuliza imeili ya kazi, hiyo bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo. Muuzaji atakuambia ni kitu kidogo, wanaipitisha bila intaneti, na ni kweli wanaipitisha, lakini siku ukiiformati inarudi pale pale. Risiti iandikwe nambari ya mashine, siyo "laptop moja" tu.

Wenye ofisi ndogo, ile ESU ya bure haiwahusu kama mashine zenu zimeunganishwa kwa domeni, yaani zinasimamiwa zote pamoja na seva ya ofisi. Ya biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inakuwa mara mbili kila mwaka mpaka miaka mitatu. Piga hesabu, mwaka wa pili tu pesa hiyo ukiongezea unapata mashine ya kizazi cha 8. Kwa ofisi ya mashine sita tunashauri mbadilishe zile mbili zinazoshika hesabu na data za wateja kwanza, zingine zifuate. Na data za wateja si mchezo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama ofisi yako ni chumba kimoja.

Ile ya zamani ukiitoa, usimpe kijana wa chuma chakavu ikiwa na diski ndani. Toa diski, ubaki nayo, au uifute kwa Reset this PC ukichagua kufuta kila kitu na ile chaguo ya kusafisha diski, inachukua masaa. Iliyokufa kabisa kuna WEEE Centre hapa Nairobi, wanapokea vifaa vya umeme vilivyokufa, betri iliyofura waambie mapema ukiwa njiani.